Msimamizi Wetu wa Majanga

Nianze na mabuti yake, maana hayo ndiyo tuliyoyaona kwanza. Yalikaa chini ya meza, ya ngozi nene, rangi ya udongo, soli zenye meno ya kupandia milima, na hayakuwa yamekanyaga hata kifusi cha hapo Mikocheni. Siku za kawaida Msimamizi alivaa makubazi. Ukimsikia anahema huku anafunga kamba za mabuti, ujue wafadhili wako njiani. Sista wa mapokezi alikuwa haulizi tena, anakwenda kuwasha birika.

Ilikuwa taasisi ya utafiti wa moto wa nyika na ustahimilivu wa majanga, na ilikuwa imepanga nyumba katikati ya ghala la magodoro na karakana ya kuchomelea mageti. Upande huu sponji, upande ule cheche. Mie na mwenzangu Deo tulipelekwa pale kwa mafunzo ya vitendo ya miezi sita, tukiwa tunasoma shahada ya uzamili, na siku ya kwanza tulitazamana tukacheka. Msimamizi alituona. Akasema jirani hachaguliwi, akatupa fomu tujaze.

Fomu ile ndiyo iliyotufunga. Chini kabisa kulikuwa na mstari wa saini ya msimamizi, na bila saini hiyo hakuna ripoti, hakuna shahada, na baba yangu kule Kibondo angeendelea kuwaambia watu wa kanisani kwamba binti yake "anamalizia". Kwa hiyo yote nitakayosema hapa, mjue nilikuwa namwogopa. Na mjue pia kuna mama mmoja mfuga nyuki aliyepoteza mizinga na heshima yake mikononi mwetu. Nitafika kwake. Kwanza nimalizane na mzee.

Sijui alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Najua alikaa Mtoni, najua Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko cha redioni, na najua aliweza kuongea dakika arobaini bila kusema jambo. "Mie ni mtu wa majanga," alikuwa akiwaambia wageni, kwa fahari ya mtu anayetaja timu yake. Kila kiumbe kwake kilikuwa mdau. Mama muuza vitumbua wa kona ni mdau, mwenye pikipiki mdau, nyuki mdau, mti mdau. Siku moja Deo akashindwa kuvumilia.

"Na moto je, mzee? Nao ni mdau?"

Nikajua Deo kayatimba. Msimamizi akafikiri, akavua miwani, akaifuta.

"Mdau mkuu," akasema, akaandika kwenye daftari. Wiki iliyofuata neno hilo lilikuwa kwenye slaidi zake, herufi nyekundu, na chini yake jina lake.

Ofisi nzima ilikuwa na mtungi mmoja wa kuzimia moto. Aliufungia kabatini na kufuli, kwa sababu wa kwanza uliibwa. Ufunguo alikaa nao mwenyewe, na Ijumaa akitoka mchana alikuwa harudi. Nikamuuliza, moto ukiwaka Ijumaa jioni tufanyeje. Alinitazama kwa huruma, akaniambia, "Mwanangu, Ijumaa ni siku moja kati ya saba. Uwezekano ni mdogo." Huyo ndiye aliyetufundisha hesabu za hatari.

Fildi yake aliifanyia ndani ya gari. Tulikuwa tunakwenda kwenye vilima vya huko mbele ya Gongo la Mboto, mie wananiokota barabarani kwa kuwa nilipanga chumba hukohuko. Gari likifika mwisho wa njia, Msimamizi anateremsha kioo nusu, kiyoyozi kinaendelea kuvuma, anasema, "Deo, niletee nyasi." Deo anakwenda kukata, analeta konzi moja, anampa dirishani kama anayemlisha ng'ombe. Tulicheka mpaka machozi, kwa siri, nyuma ya gari.

Sasa hapa ndipo mtu huyu anaponiudhi mpaka leo. Alikuwa anazijua. Alizishika zile nyasi karibu na sikio, akazifinya taratibu, akasikiliza, akasema, "Hizi bado siku nne, zikiwashwa leo zitafuka tu." Tulizipeleka ofisini, tukazikausha, tukazipima kwa mzani, tukapiga hesabu zetu za kitabuni usiku na mchana. Zikatoka siku nne. Tukarudia mara ya pili kumkomoa, akapatia tena. Hapo niliacha kumcheka kwa muda wa wiki nzima, na haikuwa rahisi.

Mara moja tu alishuka garini. Tulikuta sehemu iliyoungua, akachuchumaa na makubazi yake kwenye majivu, akatuonyesha jiwe. Uso mmoja ulikuwa mweusi, mgongo wake msafi. Akatuonyesha kigingi, nacho vilevile, na shina la mti, vilevile. "Jiwe huungua upande unaoutazama moto unapokuja," akasema. "Ukifuata nyuso nyeusi, utafika mahali ulipoanzia. Moto hauwezi kuficha ulikotoka. Wanaoficha ni watu." Katika miezi sita, hicho ndicho kitu kimoja nilichojifunza ambacho hakikuwa kwenye slaidi.

Na hakuwa mtu wa roho mbaya, hilo nalo niseme ili Mungu asinihukumu. Nilipougua malaria alinijia chumbani kwangu na chupa ya uji wenye pilipili manga aliopika mkewe. Sina kiti, akakaa juu ya ndoo. Akanipa pole, akanimiminia kikombe, halafu akafungua mkoba akanisomea makosa ya sura yangu ya pili, moja baada ya jingine, mpaka nikatamani homa irudi nizimie. Uji ulikuwa mzuri. Makosa nayo yalikuwa ya kweli.

Haya, tuje kilimani. Watu wa mtaa ule walikuwa na utaratibu wao kabla sisi hatujaja na tepu zetu. Kila kiangazi kinamama na wazee wachache walifyeka mkanda wa nyasi, upana wa hatua nane, kutoka barabarani hadi ukingoni mwa msitu, wakauita kinga. Kisha wakapeana zamu. Kuanzia saa sita mchana mpaka jua lizame, watu watatu walikaa juu na matawi mabichi wakingoja moshi. Na moshi ulikuwa haukosekani, maana kila wiki kuna mtu anasafisha kiwanja chini kule barabarani, anachoma taka, anaondoka zake. Wale watatu huteremka, wanaupiga moto kwa matawi, wanamsema mwenye kiwanja, wanarudi juu kuendelea na karanga zao.

Aliyepanga zamu alikuwa mama mmoja mfuga nyuki, mjane, mwenye mizinga kumi na miwili pale ukingoni. Sisi tulimwita Mama Nyuki. Asali yake ndiyo iliyomsomeshea wanawe, na kila tulipokwenda kumhoji alitukalisha kwanza tule, ndipo atujibu. Nimekula ugali na mlenda wa yule mama mwezi mzima.

Msimamizi aliposikia habari za zamu alifurahi mno. Akasema huo ndio ustahimilivu wa jamii wenyewe, na kwa kuwa ndio wenyewe, lazima wafundishwe. Wafadhili walikuwa wanakuja kukagua mradi. Ikapangwa semina kwenye ukumbi wa sherehe karibu na barabara kuu, ukumbi ambao bado ulikuwa na maputo ya kicheni pati ya Jumamosi, na mie nikatumwa kuwaita wanakamati.

"Wote kumi na wanane?" Mama Nyuki akauliza.

"Wote, mama. Msimamizi anataka kamati nzima."

"Na kilimani abaki nani?"

"Ni siku moja tu."

"Siku moja inatosha, mwanangu. Kamwambie tuje asubuhi, saa sita tuwe tumerudi juu. Mchana upepo unageuka."

Nikapeleka ujumbe. Msimamizi akasema haiwezekani, wageni wanaingia saa saba. Nikamwambia abaki japo mmoja. Akafungua faili, akanionyesha karatasi ya mahudhurio aliyoiandaa mwenyewe kwa rula.

"Hapa kuna mistari kumi na minane," akasema. "Wageni wakikuta viti vitupu watasema jamii haijashirikishwa. Unataka waseme hivyo?"

Nilirudi nikamwambia Mama Nyuki kuja ni lazima. Hilo neno lazima niliongeza mie, nimalize kazi niende nyumbani.

Siku yenyewe Msimamizi alivaa mabuti. Alipendeza, simnyimi haki yake. Saa tisa kasorobo alikuwa kwenye slaidi ya umuhimu wa kugundua moto mapema, na nyuma ya kile kitambaa cheupe cha kuonyeshea kulikuwa na dirisha, na dirishani kilima chetu, na kilimani moshi. Wote tuliukodolea macho. Mgeni mmoja akamwuliza mkalimani kama ile ni sehemu ya mafunzo.

Mama Nyuki alisimama. Msimamizi akamnyooshea mkono atulie, akaenda dirishani, akautazama ule moshi kwa utulivu kabisa.

"Mweupe," akasema. "Ni nyasi za chini, bado haujapanda. Mpaka ufike ukingoni tuna nusu saa. Tupige picha ya pamoja kwanza, halafu twende wote."

Nchi hii nzima inajua picha ya pamoja ilivyo. Wageni wakae viti vya mbele. Wafupi mbele ya warefu. Mwenyekiti wa mtaa kasahaulika, aitwe. Mpiga picha anataka watu wasogee kulia, halafu wasogee kushoto. Halafu huwezi kupiga picha kabla ya neno la shukrani, na aliyepewa neno la shukrani akashukuru kuanzia Mwenyezi Mungu mpaka wapishi. Mama Nyuki hayumo kwenye picha ile. Alikuwa ameshatoka, viatu mkononi, anakimbia barabarani peke yake, na mie nilimwona, nikabaki mstari wa nyuma kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nimshikie Msimamizi mkoba.

Tulifika baada ya dakika thelathini na tano. Mzee alikosea kwa dakika tano tu. Mizinga minane ilikuwa makaa. Mama Nyuki alikuwa amesimama katikati, tawi mkononi limebaki kijiti, mikono imetoka malengelenge mpaka viwiko, na minne iliyopona ilikuwa imepona kwa mikono ile. Wanakamati wenzake walishika matawi wakamalizia, na wageni wakapelekwa hotelini.

Ripoti ya taasisi, aliyoiandika Msimamizi mwenyewe, ikatoka wiki ileile. Ilisema moto umetokana na shughuli za kibinadamu zisizozingatia tahadhari, ikiwemo kurina asali kwa moshi, na kwamba mrina asali mmoja, aliyetajwa kwa majina yake matatu, alikutwa eneo la tukio. Jamani. Alikutwa eneo la tukio. Angekutwa wapi? Nakala ikaenda ofisi ya mtaa, na ofisi ya mtaa, kwa heshima ya taasisi yenye wageni, ikamkataza yule mama kuweka mzinga wowote pale kilimani. Mpaka watoto wa shule wakamwita mchoma msitu.

Mie na Deo tulirudi kule siku tatu mfululizo. Tulipita jiwe kwa jiwe, kigingi kwa kigingi, kama tulivyofundishwa. Nyuso nyeusi zote zilitazama chini, barabarani, kwenye kiwanja kipya kilichokuwa na lundo la majivu ya taka. Karibu na mizinga hakukuwa na chanzo chochote. Deo ripoti yake ilihusu unyevu wa nyasi, kwa hiyo jambo hili likawa langu. Nikaliandika sura ya nne: moto ulianzia wapi, ulipita wapi, na kwa nini siku hiyo, tofauti na siku nyingine zote, hapakuwa na mtu wa kuupiga. Niliweka michoro. Niliweka na karatasi ya mahudhurio, mistari yote kumi na minane imejaa.

Msimamizi aliniita.

"Sura ya nne ni ndefu," akasema.

"Naweza kuipunguza, mzee."

"Itoe."

"Yote?"

"Mwanangu, utafiti wako unahusu ustahimilivu wa jamii. Sura hii inanihusu mie." Akafunga kalamu yake, akaiweka mezani katikati yetu. "Ukiwa tayari niletee nisaini."

Nilirudi jioni ileile. Sura nne badala ya tano, namba zimepangwa upya, na yaliyomo yamerekebishwa. Akasaini bila kufungua. Nikapata shahada, baba akachinja mbuzi, na miaka ikapita. Leo nami nina meza yangu kwenye ofisi nyingine hapa mjini, nami nina wanafunzi wa mafunzo ya vitendo, na kila kundi jipya likija nawahadithia habari za Msimamizi. Mabuti, mtungi kabatini, mdau mkuu, picha ya pamoja. Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nimekuwa hodari wa kumwiga sauti.

Mwaka jana nikasikia anaumwa, sukari imemshika mguu. Nikanunua machungwa nikaenda Mtoni. Nilimkuta barazani, mguu umefungwa bendeji juu ya stuli, kapungua, shati linampwaya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kaa." Akangoja nikae. "Nasikia unanihadithia huko kazini. Watu wanacheka."

Dar ndogo hii. Nikaona aibu, nikasema kidogo tu.

"Ile ya picha ya pamoja unaisimulia?"

"Naisimulia, mzee."

"Hiyo nastahili. Na ile ya sura ya nne, unaisimulia?"

Hiyo nilikuwa sijawahi kumsimulia mtu.

"Ulikuwa umeiandika vizuri," akasema. "Niliisoma mara mbili. Nilipokwambia uitoe, nilijua utanisumbua. Nikajiandaa, nikawa na maneno yangu. Ukaja jioni ileile, umeshaitoa."

"Kwani ningekataa ungesaini?"

Alifikiri kweli. "Ningekuzungusha mwezi mmoja, miwili. Ningekununia. Mwishowe ningesaini, ningekushikilia mpaka lini? Kazi ilikuwa sahihi."

Nilikasirika, nawaambia ukweli. Nikamwambia yeye alikuwa mkubwa, yeye ndiye aliyekuwa na kalamu, mie nilikuwa mtoto wa watu ninayetafuta shahada, leo ananilaumu mie. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakukatiza. Mkewe alichungulia mlangoni akarudi ndani.

"Sikulaumu," akasema. "Yule mama nilimdhulumu mie, na nitaulizwa mie. Nilikuwa nakuuliza jambo jingine. Umewahi kurudi kumwona?"

Bado nakaa Gongo la Mboto. Kutoka kwangu mpaka kilimani, pikipiki haifiki robo saa.

"Hapana," nikasema.

"Nami sijaenda. Mie naona haya. Wewe unaona nini?"

Nikaanza kumweleza habari za kazi, wanafunzi, safari za mikoani, na kwamba barua ya kumsafisha mtu lazima ipitie kwa mkurugenzi. Nilijisikia nikiongea. Akaniacha niongee kisha akauliza, kwa upole tu, kama anayeulizia mtu wa jirani:

"Anaitwa nani?"

"Mama Nyuki."

"Hilo mlimpa nyie. Jina lake."

Nikafungua mdomo. Nililitafuta. Nimekula kwake mwezi mzima, nimelala mchana kwenye mkeka wake, jina lake nililiandika kwa mkono wangu kwenye orodha ya walioitwa semina. Nilikumbuka malengelenge, nilikumbuka mlenda, nilikumbuka hata rangi ya khanga aliyovaa siku ile. Jina halikuja.

Yeye alilijua. Alilitaja lote, la kwake, la baba yake na la babu yake, hakusita hata kidogo, maana ndiye aliyeliandika kwenye ile ripoti. Nikatoa simu mkobani, nikamwomba alirudie pole pole niliandike.